Ndizi za Boga Badala ya Jibini

Wapendwa, leo nimeponea chupuchupu jikoni kwangu!

Daktari kamkataza Baba Neema mafuta, moyo wake umechoka.
Basi ndizi za jibini anazozipenda nikazipika kwa boga la kuponda na karoti.

Akaonja.
"Mama Neema, unanilisha chakula cha ng'ombe?"

Akanirushia sahani, ikapita kando ya sikio langu, ikavunja kioo cha kabati. Akainua kigoda anipige.

Mara baba mkwe akaingia. Kwetu Wanyakyusa mkwe na mkamwana hawatazamani, nikajifunika kanga usoni.
Nikasikia fimbo tu, pwaa! pwaa!
"Unampiga anayekuponya?"

Kisha mzee akaketi akinipa mgongo, akachota ndizi sufuriani, akala.
"Mwambie mkeo, kesho aongeze chumvi."

Baba Neema naye akapakua.

Semeni Amina, jamani!