Makala kutoka Tabora

Tangu mtoto wao azikwe, hakuna aliyemwita Telesphori kwa jina la Baba Ignas. Watu wa Geita walimwita Mwalimu tu, wakapita. Mkewe, Nyamizi, alikwenda kwa wazazi wake Mwakitolyo baada ya msiba, akisema anakwenda kupumzika. Vuli ikanyesha ikaisha, naye hakurudi.

Telesphori alifundisha sayansi shule ya kati, ng'ambo ya bonde kutoka mgodini. Jioni, nyumba ikiwa kimya hata mchwa wakisikika wakitafuna kenchi, alifungua kitabu cha kemia alichoachiwa na padri mmoja, akasoma habari za kaboni. Kitu kile kile kilichomo katika makaa kimo katika sukari, katika samli, katika mafuta ya taa, na katika mwili wa mtu. Kila chembe yake ina mikono minne, na haitulii mpaka yote minne imeshika kitu.

Akafinyanga vidonge vya udongo wa kichuguu. Vya kaboni akavipaka unga wa makaa, vya hidrojeni akavipaka majivu, akaviunga kwa vijiti vya mabua ya mtama. Kaboni moja na hidrojeni nne: ndiyo hewa inayobubujika kwenye matope ya majaruba ya mpunga. Lakini kitabu kilisema kaboni nne zilizoshikana kwa mstari ni kitu kimoja, na nne hizo hizo, moja ikikaa katikati na tatu zikiishika, ni kitu kingine kabisa, ingawa hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Hapo alikwama. Rafiki yake Otmar, mwalimu wa Tabora, akaahidi kumwandikia makala ya Kiswahili ya kulifafanua jambo hilo.

Asubuhi moja Mabula, mchuuzi wa samaki wakavu, aliegemeza baiskeli yake, akamkuta barazani, vidole vyeusi, jiko lililopoa miguuni.

"Mwangaluka, Mwalimu! Mbona umejikunyata kama kuku wa mvua?"

"Nangoja makala kutoka Tabora."

"Makala? Tabora?" Mabula aliitazama miti iliyojaa kilimani. "Hapa hayapatikani?"

"Hapa hakuna aliye nayo."

"Hee! Pole sana, Mwalimu."

Kwa Kisukuma, makala ni makaa. Mabula alipofika Mwakitolyo alikwenda moja kwa moja kwa kina Nyamizi. "Mumeo anateketea, dada. Hana hata makala ya kupikia. Eti anayangoja kutoka Tabora!"

Jumamosi iliyofuata Nyamizi alishuka kutoka lori la pamba na gunia la makaa. Alipoingia jikoni akakuta nusu debe la makaa, limetulia.

"Kumbe unayo! Lori zima limenicheka, napeleka makaa Geita!"

Nyamizi alipomtaja Mabula, Telesphori alielewa, akacheka mpaka akakaa chini. Nyamizi hakucheka.

"Lori linarudi saa tisa," alisema.

Telesphori alitaka kumwambia abaki. Badala yake akampa kidonge cheusi chenye vijiti vinne, vitatu vimeshika vidonge vyeupe, kimoja kitupu. "Huu mkono mmoja…"

"Usinifundishe. Mimi si darasa lako." Lakini hakukirudisha. Aliutazama mpangilio mwingine uliowekwa dirishani, wa kaboni nne. "Na hivi?"

"Ukivipanga upya vinakuwa kitu kingine. Ni vile vile, hakuna kilichopungua."

"Kwetu kimepungua," Nyamizi alisema.

Miezi yote ile Telesphori alikuwa amelizunguka neno moja kama mtu anayezunguka shimo la machimbo.

"Kimepungua, Mama Ignas."

Nyamizi aliketi juu ya gunia. Alilia taratibu, bila sauti, akikishika kile kidonge mpaka weusi wake ukahamia kiganjani. Huko bondeni lori likapiga honi, likapiga tena.

"Washa jiko, Baba Ignas," alisema. "Sijala tangu jana."

Honi ikalia mara nyingine, mbali zaidi. Telesphori alipiga magoti mbele ya jiko, akaanza kupuliza.