Mkono wangu na mbio za leo Ruashi

Leo nimesingiziwa ugonjwa ambao kweli ninao.

Tangu ligi yetu ya pikipiki ivunjike, komite mbili zinatoa leseni, na kila moja inazikataa za mwenzake.

Mimi, mwamuzi mzee, nilikuwa kitini, nimeshika kamba ya kuanzia. Madereva wanangoja juani, injini zinanguruma, na marais wa komite zote mbili wanagombana masikioni mwangu.

"Papa, usiachilie. Ule dereva Mado iko na leseni ya bale ba komite ingine."

"Yenu je? Bibi yako anaziandikaka mu jikoni."

Kamba ikaruka juu. Madereva wakaondoka. Mado akashinda.

Hapo marais wakapatana, mara ya kwanza tangu ligi ivunjike:

"Ni mukono ya muzee tu, inatetemeka. Ile mbio haiko ya kuhesabu."

Nikakunja kamba bila kuwapinga. Nilichoka, na huruma yao ilinifaa. Mado akasukuma pikipiki yake kwenda nyumbani bila kuniaga.

Daktari anasema sina muda mrefu, basi niseme sasa. Leo mkono haukutetemeka. Niliachilia kwa makusudi, na mwamuzi ana haki hiyo.

Marais, mkitaka kunifungia, andikeni hapa chini, mbele ya watu wote.

Lakini Mado ameshinda.