Zulia Lenye Pacha Wake

Kabla theluji ya kwanza haijaanguka kwenye milima ya Naryn, Saikal alikuwa ameshaipamba sebule yake. Pazia zito la rangi ya maziwa, kochi la kona, taa ndefu ya kusimama yenye mwanga wa asali, na zulia jipya la kiwandani, jembamba, la kijivu. Miaka yote alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na kila majira ya baridi wenzake walipokezana kualikana chai. Zamu yake ilipofika, aliwakalisha sakafuni akiona haya. Mwaka huu waliingia wakapiga vigelegele.

"Wee Saikal! Umehamia mjini bila kutuaga?"

"Vueni viatu, msinichafulie," alijibu, akacheka hadi mashavu yakamuuma.

Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wa Saikal ulikuwa zulia la sufu iliyoshindiliwa, jekundu lenye nakshi nyeusi za pembe za kondoo, kazi ya mkono wa mama mkwe wake. Mazulia hayo huzaliwa mawili mawili. Sufu nyekundu hulazwa juu ya nyeusi, kisu kimoja kikakata zote. Kinachotoka kwenye hili hushonwa kwenye lile. Pacha mweusi mama alimpa binti yake, Burulkan, alipoolewa ng'ambo ya mlima. Jekundu alimpa Saikal mkononi. "Si la Melis," alisema, akimtaja mwanawe. "Ni lako."

Sasa mama alikuwa amefariki, na hitima ya mwaka ilikuwa kesho. Gari lilipiga honi langoni. Burulkan akashuka na mzigo mrefu begani.

"Wifi, sebule hii naogopa hata kukohoa!" alisema, akiangaza macho kila kona. Kisha akaufungua mzigo wake. Pembe nyekundu juu ya weusi zikatandazika. "Nimelileta. Kesho wanawake watamlilia mama juu ya yote mawili, ubavu kwa ubavu. Lete la kwako."

Saikal akashika birika. "Kunywa chai kwanza, umetoka baridini."

"Chai haikimbii. Liko wapi?"

"Nimeli... liko nje."

"Unalianika na baridi hii?"

Saikal akatupa jicho dirishani, upande wa zizi. Burulkan akamtazama, akavaa viatu, akatoka. Saikal akamfuata nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. Zizini, ndama aliyezaliwa juzi alikuwa amelala kwenye zile pembe nyeusi, kinyesi kimegandia kwenye mshono.

Burulkan akamkuna ndama kichwani.

"Ndama kapendeza," alisema. "Mama angefurahi. Alipenda sana mifugo."

Afadhali angepiga kelele.

"Lilikuwa limechakaa, wifi. Nilidhani..."

"Shika huko."

Wakamsogeza ndama kwenye majani makavu, wakaliburuta zulia hadi kwenye theluji safi, uso chini, wakalipiga kwa fimbo kama walivyofundishwa na marehemu. Kila walipolihamisha liliacha alama ya kahawia. Wakapiga mpaka theluji ikabaki nyeupe. Lakini doa moja, katikati, halikutoka, wala harufu.

Asubuhi Melis na jirani walilitoa kochi, wakaliweka barazani. Saikal alitaka kulitandika jekundu karibu na mlango, penye viatu.

"Hapana," Burulkan alisema. "Mbele. Wanapoketi wazee."

Siku nzima Saikal alimimina chai na kugawa maandazi, na kila alipoinama harufu ya zizi ilimpanda puani. Wenzake wa chekechea walikuwepo, wale wale waliopiga vigelegele. Bibi mmoja alilipapasa doa kwa kiganja, akainua macho, akamtazama, akaendelea kusoma dua yake.

Wageni walipotawanyika, Burulkan alikunja jeusi lake.

"Chukua yote mawili," Saikal alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sistahili."

"Nichukue, ili wewe upate usingizi? Mama alikupa wewe, wifi. Kaa nalo."

Gari likaondoka. Melis akauliza kama alirudishe kochi. Saikal akatikisa kichwa. Akawasha ile taa ya rangi ya asali, akaketi ukingoni mwa zulia jekundu, magoti kayakunja, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.