Kimwera Nilichodai Nakijua

Mwaka 2007 nilipata kazi kwa barua pepe. Shirika moja la nje lilitaka mtu wa kutafsiri maelezo ya afya kwa Kimwera, nami nikawaandikia kwamba ndiyo lugha ya mama yangu. Hilo lilikuwa kweli. Sikusema kwamba mimi nililelewa kwa shangazi Morogoro.

Nilifanyia kazi kwenye intaneti kafe ya Nachingwea, nikijisifu kwamba nimeajiriwa Ulaya bila kupanda ndege. Maneno nisiyoyajua nilibahatisha, maana niliona aibu kumuuliza mama.

Karatasi zilipofika zahanati ya kijijini kwake, Narung'ombe, nilimsindikiza ili aione kazi yangu. Nesi, ambaye si Mmwera, alizisoma kwa sauti. Kina mama wakatazamana.

"Nesi, hapo panasema mtoto anayeharisha anyimwe maji," mama alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Jina la mwandishi ni la mwanao huyu."

Mama akanigeukia, akaniuliza jambo kwa Kimwera, taratibu. Wote walisubiri jibu langu.

Nikamwomba arudie kwa Kiswahili.