Bi Biubwa Alipoinuka Kitandani

Bodaboda iliniacha kwenye njia ya mchanga nje ya mji wa Kisarawe, na kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kamba ya nguo kilikuwa sanda. Nilikuja kupanga chumba. Mwenye nyumba, Bi Biubwa, mjane mkulima wa mihogo, alikuwa ameifukiza udi sanda yake mwenyewe na sasa ameianika ipigwe upepo. Aliniuliza habari za safari, kisha akanituliza kuhusu chumba: yeye akishakufa, mwanawe hatanifukuza.

Nimeshapokea habari za msiba kwa lugha nyingi. Kwa utulivu ule, sijawahi.

Mwanawe, Latifu, ndiye aliyenieleza. Mama ana saratani ya tumbo. Hospitali ya kwanza ilimpiga picha za CT scan, ikasema uvimbe umetoboa ukuta wa tumbo na kushika kongosho, hapasuliwi. Lakini daktari mpasuaji mmoja hakuridhika. Picha za mwanzo zilikuwa ukungu mtupu, na zile za mwisho zilipigwa wakati dawa ya mshipani, ile ya kung'arisha picha, imeshasambaa, kila kitu kimekuwa rangi moja. Alitaka zirudiwe: dawa inapoingia tu, inapofika kwenye ini, na inapoanza kufifia, kisha zilinganishwe.

Niliwasindikiza hospitali ya Kibaha. Mpiga picha, dada aitwaye Justa, alimwamkia Bi Biubwa, akamweleza kabla ya kumlaza mashineni.

"Dawa ikiingia, bibi, utasikia joto mpaka chini, kama umejikojolea. Hujajikojolea. Usiinuke."

Bi Biubwa alimkodolea macho. "Kwa hiyo siku ile sikujikojolea?"

Ndipo akasema, taratibu, akimtazama Justa peke yake. Siku ya kipimo cha kwanza alikwenda na udhu wake, akitoka aswali adhuhuri. Joto lilipomshuka, na nyuma ya kioo wamekaa vijana wa kiume, aliinuka kukusanya kanga zake. Picha zikatoka ukungu; wakamrudisha alale, mashine ikaendelea, dawa imeshasambaa. Hakuna aliyemuuliza, naye asingemwambia mtu, hata mwanawe.

Latifu alichuchumaa pale pale mlangoni.

Safari hii alitulia kama gogo. Katika picha za mwanzo uvimbe uling'aa peke yake, na kati yake na kongosho ukaonekana mstari mwembamba wa mafuta, mzima, haujaguswa. Mpasuaji alisema unaweza kukatwa. Kupona hakuahidi.

Asubuhi ya kwenda kulazwa apasuliwe, Latifu alitandika kanga kuukuu kwenye kiti cha gari, mama akae vizuri. Bi Biubwa akaichomoa, akamrushia usoni.

"Mimi sijikojolei," akasema, akapanda.

Gari likakata kona. Nilibaki uani na kuku wake, na sanda ingali kwenye kamba. Hakuniambia niianue au niiache.