Jezi Kumi na Moja Juani

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu wa kike aliingia na mfuko mkubwa wa jezi, akautupa mbele ya mashine ya kufulia. Hapa Guildford, mtaa wa Sydney, timu za watoto ndivyo zinavyofanya: kila wiki nyumba moja inafua jezi za timu nzima. Zamu ilikuwa yetu. Nikazifua, nikazitandaza jikoni, kwenye viti, kwenye milango ya kabati, mpaka juu ya friji.

Binti yangu akarudi kutoka kazini kwake, anakotunza wazee, akasimama mlangoni.

"Mama, jua lote hili la Guildford, na kamba iko nje! Unazikausha jikoni kama samaki?"

"Zitakauka."

Mjukuu akanusa moja, akalalamika kwa Kiingereza chake kwamba inanuka vitunguu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hakitumii bure: "Koko, kwa nini?"

Nikaigeuza jezi ile upande wa pili. Nakujibu wewe, kwa sababu neno lile la samaki niliwahi kulisikia zamani, na halijanitoka.

Nililelewa na bibi yangu, Kongo, upande wa mashariki, chini ya mlima wenye chuo cha walimu. Bibi alikuwa mfuaji wa timu ya chuo. Jezi zilikuwa za njano, namba zimeshonwa kwa kitambaa cheusi. Bibi hakujua kusoma hata namba moja, kwa hiyo kazi ya kuzipanga ilikuwa yangu. Shuleni nilikaa miaka miwili tu. Kuhesabu nilijifunza kwenye migongo ya vijana wale.

Halafu vita ikafika. Barabara zikafungwa, timu za miji mingine zikaacha kuja, na wanafunzi wakashindwa kurudi kwao. Watu wenye bunduki walikuwa wanakusanya vijana, wawabebee mizigo na kupigana. Mkuu wa chuo akatuita sisi sote tulioishi pale, wakubwa kwa wadogo, akasema: mkiulizwa, chuo hakina mtu.

Lakini mpira hawakuuacha. Kijana wa miaka ishirini utamfungia ndani mpaka lini? Walicheza nyuma ya majengo, na maseremala wa misheni, na walimu wao, na siku nyingine wao kwa wao. Walicheza bila kelele. Hakuna filimbi, mwamuzi alipunga kitambaa. Goli likiingia tuliinua mikono juu na kufunga midomo. Ulisikia mguu ukigonga mpira, na pumzi za watu, basi. Tangu siku hizo, uwanja wenye kelele hunichosha.

Jezi nazo zilifichwa. Bibi alizianika ndani, juu ya moto wa kupikia, na zilitoka na harufu ya moshi na maharagwe. Golikipa, kijana mrefu mwenye maneno mengi, alikuja kuzichukua akajifanya anaanguka.

"Mama mzee, unatukausha kama samaki! Maseremala wanatunusa kabla hawajatuona!"

"Ukinuka hawatakukaribia," bibi akamjibu. "Utafungwaje?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimpenda golikipa yule kama mtoto anavyompenda kaka wa watu, na niliona aibu kwa ajili yake.

Ilibaki mechi moja na maseremala, ya kumaliza msimu. Siku moja kabla ya mechi, bibi alikwenda shambani kuchimba mihogo, akaniachia jezi mbichi na moto. Nje jua lilikuwa kali. Nikazitoa. Nikazitandaza juu ya miti ya ua, moja mpaka kumi na moja, kwa mpangilio, namba zikitazama barabara. Nilitaka kesho yake golikipa anuse sabuni, aseme asante.

Mchana lori likasimama. Akashuka mwanaume mmoja, mpole kabisa, akaniita mwanangu.

"Mwanangu, mashati mazuri haya ni ya nani?"

"Ya timu yetu," nikasema. "Hakuna anayewaweza."

Alinishukuru. Lori likapanda mlimani. Liliporudi lilikuwa limejaa, na golikipa alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono imefungwa. Aliiona jezi yake juu ya ua. Akaniona na mimi.

Bibi alipofika alisimama muda mrefu na mihogo yake kichwani. Hakunichapa. Alikuwa mkali, kwa kijiko tu kilichopotea alinichapa, lakini siku ile hapana. Alizianua, akazikunja, na Jumamosi iliyofuata akazifua tena. Na nyingine. Kila wiki alifua nguo ambazo hakuna aliyezivaa, akazianika ndani. Nilimpa moja mpaka kumi na moja. Tulipokimbia aliziacha mezani zimepangwa, ili wakirudi wasisumbuke kuzitafuta.

Hakurudi hata mmoja. Bibi alifia njiani. Waliopita kule baadaye waliniambia chuo ni kuta tu, na uwanja umeota majani kupita kimo cha mtu. Sasa hakuna mwingine duniani anayejua kwamba watu waliwahi kushangilia kwa kunyamaza.

Jumapili asubuhi jezi za mjukuu zilikuwa bado na unyevu. Nikazitoa nje. Nikaweka kiti chini ya kamba, nikakaa, nikasema sitaondoka mpaka zikauke. Jirani yetu, mama mzee mwenye roho nzuri, akachungulia juu ya ua, akatabasamu, akaniuliza jezi nzuri hizi ni za nani.

Kiingereza cha swali hilo nakielewa. Nikamwambia sijui.