Neno Moja Alilozima Sekretere Mulongo

Aibu hii nitaisema mwenyewe, mbele watu hawajaiharibu zaidi: mimi njo nilimuua Papa Kisimba wa Kataki, siku ya Mungu, kisha sala, na yeye akiwa anakula. Kwaya ilifika kwake na nyimbo za kilio, wamama wakajitupa chini penye mulango, na muzee akatoka ndani na donge la bukari, ugali wetu, mukononi akauliza kwa sauti ya kila siku, "Nani amekufa hapa kwangu?" Nilikuwa katikati yao, nimeshika bega la muke wangu Feza (njo yeye anaandika haya ninayosema), na mimi pia ninalia.

Nirudi nyuma. Macho yangu yalipotea kwa uvuvi wa ndagaa, sababu Patron Lukanga, mwenye mitumbwi, alichanganya esanse, mafuta ya motokari, ndani ya petroli ya taa, taa ikapasuka, wenzangu wawili wakabaki ziwani (hajakuja hata kunipa pole, na ninamutaja). Shule niliacha mwaka wa ine. Lakini padri wetu alileta kutoka kwao ordinatere, kompyuta, yenye kusema: unashuka na kidole, na yenyewe inakutajia jina la kila andiko lililo ndani yake, yale wanaita fishie, na mimi wiki nzima sikuwa na usingizi kwa kujiuliza inajua namna gani mahali kidole changu kiko.

Kuchagua fishie moja ni rahisi. Kazi iko kwa kuchagua nyingi zisizofuatana: unashika kifungo kimoja na mukono wa kushoto, usikiachie, unashuka, na ukifika kwa ile unayotaka unafinya mara moja kile kifungo kirefu cha chini, masini inakujibu kwa Kifaransa, selektione, maana yake imechaguliwa, na ukifinya mara ya pili umeiondoa. Nilimuuliza padri, wewe mwenye macho unajua kwa nini? Akasema kwake mustari unageuka rangi. Basi lile neno njo lilikuwa rangi yangu.

Hivi nikapewa kazi ya kuchapa matangazo ya Jumapili ndani ya biro, ofisi ya parokia, na watu wakaacha kusema "yule kipofu", wakasema Papa Feruzi wa biro. Papa Kisimba mwenyewe alikuja siku moja kuniandikisha tangazo la kifo chake, sababu watoto wake wako Manono na hawajui majina ya ndugu zake wa Zongwe. Akaniambia niache nafasi wazi kwa siku ya kufa.

Sasa mushitakiwa wangu: Sitwayen Mulongo, sekretere wa parokia (anapenda bado kuitwa sitwayen, mwananchi, hata kama Zaire nzima imekwisha kurudia musye, yaani bwana). Ile masini tunaitumia wawili.

Siku ya Posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, padri alikuwa ameenda Kongolo. Nilikuwa na matangazo mane ya kutoa. Nikashuka kwa la kwanza, nikafinya, masini ikanyamaza. Nikafikiri kifungo kimeshika vumbi, nikafinya tena. Kimya. La pili hivyo hivyo, mara mbili, la tatu, la ine. Halafu, kwa kutaka tu kujua kama kile kifungo kimekufa, nikakijaribia juu ya fishie isiyokuwa na haraka, ile ya Papa Kisimba. Nilifinya mara moja tu. Kimya. Nikaagiza kuchapa, ikatoka karatasi moja; nikaipapasa, nikasema kumbe leo imebananisha yote mane pamoja, sababu ile masini kila wiki ilinionyesha jambo jipya. Nikamupa Mulongo, yeye mwenye macho mawili, akaikunja bila kuisoma, akaipeleka kwa katekista Yoano, mwenye kuongoza sala kama padri hayuko. Na kesho yake Yoano, akisoma mbele ya watu, alipokuta nafasi wazi ya siku ya kufa, akaijaza kwa kinywa chake: jana.

Mimi niliposikia kanisani nikajiambia, masikini, muzee ametutoka, na Mulongo amekumbuka kutoa karatasi yake. Sikushangaa hata matangazo yangu mane kukosa kusomwa. Kifo kinapita yote.

Papa Kisimba hakukasirika sana. Alitaka kwanza kujua kama walisoma mpaka kwa wajukuu, na nani alilia, na nani hakuja.

Siku iliyofuata nilijifungia biro. Nikafinya mara moja, nikachapa: karatasi ikatoka. Nikafinya mara mbili: hakuna. Mara moja, mara mbili, asubui nzima, mpaka nikaelewa kwamba kifungo kilikuwa kizima, na kilichokosa ni neno. Nikamuita Mulongo.

"Papa Feruzi, ile sauti inanipasua kichwa," akasema. "Selektione, selektione, kama kasuku. Nilizima lile neno moja. Mengine yote nilikuachia."

"Na hukuniambia?"

"Nilifikiri hutasikia tofauti."

Lakini mbele ya komite ya parokia huyo huyo alikaa kimya, wakaamua kwamba kipofu hawezi kuaminiwa na karatasi za watu, wakaninyanganya ufunguo wa biro.

Nimeapa sitajaribu tena kifungo juu ya jina la muntu. Hilo ni langu. Lakini komite imusimamishe Mulongo siku ya Mungu, pale pale Yoano aliposomea, aseme mbele ya wakristu wote nani alizima rangi yangu na kwa ruhusa ya nani. Mimi nilijibu yangu mbele ya marehemu mwenyewe, ananitazama, bukari mukononi. Mulongo atajibu lini?